Adhana Iliyotangulia Jua

Inasimuliwa, na ajuaye kweli ya yaliyopita ni Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika nchi ya Yemeni, zama za waja wema waliotutangulia, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Wadi Nuaimu. Mji huo ulikaa bondeni baina ya milima miwili. Mlima wa magharibi ulikuwa mrefu, tena umeukaribia mji mno, hata jua likawa linajificha nyuma yake mapema, mchana ungalipo. Mgeni akifika pale alasiri hudhani magharibi imeingia, akatandika msala wake, na wenyeji wakamcheka kwa upole na kumwambia, "Ngoja kwanza, bwana. Hilo limejificha tu, halijatua."

Wenyewe walikuwa na alama yao. Upande wa mashariki palikuwa na kilele kikiitwa Jabali Kuhli. Maadamu mwanga wa jua umekaa juu ya kilele kile, hata kama bondeni kumeshaanza kuingia weusi, jua lilikuwa bado. Mwanga ukiondoka pale, ndipo wakati wa magharibi ulipoingia. Lakini nyumba zao zilikuwa ndefu za udongo na vichochoro vyao vyembamba, kwa hiyo kilele hakikuonekana kutoka majumbani wala kutoka uani mwa msikiti. Ndani ya mji kilionekana vizuri kutoka juu ya mnara tu. Basi mji mzima, tangu matajiri hadi wachunga mbuzi, uliazima macho ya mtu mmoja, naye ni mwadhini wao, Shuaibu bin Harithi.

Shuaibu alirithi kazi hiyo kwa baba yake, pamoja na ufunguo wa mlango wa mnara, ambao aliufunga kwa kamba shingoni wala haukumtoka hata akilala. Alikuwa mtu mpole, mwepesi wa salamu, na mwenye sauti iliyofika hadi mashamba ya mwisho. Alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni wa wengi wetu: alipenda watu wamfurahie. Mtu akimnunia asubuhi, Shuaibu hakuwa na raha hadi jioni.

Mwaka mmoja Ramadhani ikaangukia msimu wa joto. Watu walikauka midomo, na ilipofika alasiri hata mbuzi hawakuwa na nguvu za kulia. Siku moja katika kumi la kati, baada ya watu kufuturu na kuswali, Bwana Jubairi, mwenye mashamba makubwa ya mitende, aliyekuwa akileta tende za futari msikitini kila siku, alimgeukia mwadhini mbele ya jamaa akasema, "Shuaibu, leo umetukausha makoo. Mwadhini mwenye huruma huwahi. Kuharakisha futari ni sunna, au hukuisoma hiyo?"

Watu wakacheka. Shuaibu naye akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikumfika tumboni. Ni kweli kwamba kuharakisha futari ni sunna, lakini ni baada ya jua kutua, si kabla yake. Bwana Jubairi, Mungu amrehemu, alikuwa ameisoma sunna ile nusu, ile nusu yenye tende.

Siku ya pili yake ukavuma upepo wa vumbi. Shuaibu alipanda mnarani mapema kama kawaida yake, akatazama mashariki, asione kitu. Jabali Kuhli lilikuwa limemezwa. Marehemu baba yake alikuwa amemfundisha la kufanya siku kama hiyo: angoje, tena angoje, hadi giza lienee upande wote wa mashariki na shaka imtoke kabisa. "Siku ya vumbi shaka ni yako, mwanangu," mzee alikuwa akimwambia. "Ibebe wewe. Usiwagawie watu."

Alingoja. Chini uani alisikia bakuli za uji zikipangwa, na watu wakikohoa makusudi, kile kikohozi cha kumkumbusha mtu. Akakumbuka kicheko cha jana. Akatazama tena mashariki, akaona wekundu wekundu tu wa vumbi. Akajiambia kwamba kwa vyovyote litakuwa limetua. Akaziba masikio kwa vidole vyake, akaadhini.

Hakuwa amemaliza kushusha pumzi ya mwisho pale upepo ulipolegea. Vumbi likashuka, na Jabali Kuhli likatokeza. Mwanga wa jua ulikuwa umekaa juu yake, mweupe na mkamilifu, kama mtu aliyeketi nyumbani kwake asiye na haraka ya kwenda popote.

Shuaibu aliuona mwanga ule. Akainamia ukingo wa mnara, akafungua kinywa apige ukelele: msile! Na hapo hapo sauti ya Bwana Jubairi ikapanda kutoka uani, imejaa tende. "Leo umetuhurumia, Shuaibu! Mola naye akuhurumie!" Na wengine wakaitikia, "Amin! Amin!"

Kinywa chake kikafungika. Wameshakula, alijiambia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aliposhuka, mtu mmoja alimtia tende mkononi kwa furaha. Shuaibu hakuila. Aliiteremsha ndani ya mkono wa kanzu yake, akazuga kutafuna, akarudi ngazini kama aliyesahau kitu. Alisimama juu kule hadi mwanga ukaondoka kileleni, ndipo akaila. Swala wenzake waliiswali kwa wakati wake, kwa kuwa ilikuwa desturi yao kumaliza uji kwanza. Lakini saumu ya mji mzima ilikuwa imeharibika, ya wanaume na wanawake, ya waliokuwa msikitini na waliokuwa majumbani. Aliyebaki na saumu yake nzima ni yule mmoja tu aliyewaharibia wenzake.

Na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Lau angekula pamoja nao, angeweza kujidanganya kwamba hakuwa na hakika. Ile tende aliyoificha ilikuwa shahidi juu yake.

Alikusudia kusema kesho yake. Kesho ilipofika, nafsi ikamwambia, "Watu wako katika ibada, usiwavuruge, ngoja Idi." Idi ikaja. Watu wakakumbatiana, Bwana Jubairi akamvika mwadhini kanzu mpya, na nafsi ikamwambia, "Utawaharibia sikukuu yao? Ngoja iishe." Ikaisha. Kisha ikawa ngoja mavuno ya tende, kisha ngoja mahujaji wasafiri. Nafsi ya mtu ni wakili hodari sana, wala haidai ujira. Mahujaji walipokuja kumuaga, kila mmoja alimshika mkono akisema, "Nisamehe, Shuaibu, kama nimekukosea." Naye akasema, "Nimekusamehe," akautoa mkono wake upesi.

Alikwenda siku moja kwa Sheikh Abdulmuhsin, imamu wa msikiti, mzee aliyemsomesha tangu utotoni. Alimkuta anashona kiatu chake. Akaketi, akazunguka sana maneno, mwisho akauliza, "Sheikh wangu, mtu akifuturu akidhani jua limetua, kisha ikabainika kwamba halikutua, ana hukumu gani?"

"Atailipa siku ile kabla ya Ramadhani nyingine," alisema sheikh. "Wala hana dhambi, kwa kuwa alidhani."

"Na kama yeye ndiye aliyewaambia wengine wale?"

"Basi awaambie tena kwamba walipe. Ulimi uliowafikia mara ya kwanza unashindwa nini kuwafikia mara ya pili?"

Shuaibu akauliza tena, "Na asipowaambia, sheikh?"

Sindano ya sheikh ikasimama. "Wao hawajui, na asiyejua hana lawama. Dhambi ya wote haitapotea njia, mwanangu. Itamtafuta mmoja."

Sheikh hakuuliza zaidi. Pengine alifahamu, pengine hakufahamu. Wapokezi wa kisa hiki wamekhitilafiana. Shuaibu aliaga akatoka, na tangu siku ile hofu ikawa inakula naye na kulala naye. Alikuwa akipanda mnarani kabla ya wakati wake, akakikodolea macho kilele hadi machozi yakamtoka. Mwanga ukiondoka, hakuyaamini macho yake, akangoja, akangoja tena, akaadhini sauti ikitetemeka. Akisikia jirani akimtaja mtoto wake aliyefunga kwa mara ya kwanza mwaka ule na akaimaliza Ramadhani yote, Shuaibu huondoka barazani kwa kisingizio. Akisifiwa, hukunja uso. Alikonda.

Mkewe, Umaima, alimtazama akisukuma sahani mbele yake jioni moja, akasema, "Mume wangu, chakula hakikupiti, maneno hayakutoki. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu hakumkondeshi mtu hivi. Kikulacho ki nguoni mwako, nami siwezi kukuvua nguo kwa nguvu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua."

Shuaibu alinawa mikono akainuka. Alitaka kumwambia, na neno lilikuwa limefika kooni, lakini aliogopa macho ya mkewe kuliko alivyoogopa jambo lenyewe. Aliogopa kuvuliwa ufunguo wa baba yake. Aliogopa kupita sokoni na watu wakanyamaza.

Mwezi wa Shaabani ukaandama. Muda wa kulipa ulikuwa unakwisha, na kila aliyekaribisha Ramadhani mpya pasi na kuilipa ile siku ya zamani, alifanya hivyo kwa sababu ya kimya cha Shuaibu.

Sasa, katika mji ule palikuwa na bibi mmoja kipofu, jina lake Raihana, akisuka vikapu vya makuti ya mtende. Macho yake yalipotea angali msichana. Alikuwa na ada yake ambayo mji mzima uliijua na vijana waliifanyia mzaha: kila Shaabani huihesabu nafsi yake. Hukaa mlangoni kwake, akaagiza aitwe mmoja mmoja kila aliyepata kuwa na haki kwake. Ungo aliouazima huurudisha. Jirani aliyemtolea neno kali humtaka radhi, hata kama jirani mwenyewe ameshasahau. Akiulizwa sababu, husema, "Mgeni mkubwa anakuja. Nyumba hufagiwa kabla hajabisha hodi." Wengine wakidhani anaisema Ramadhani, na wengine wakidhani anayasema mauti.

Shaabani ile alikuwa ametoka kuugua. Homa ilikuwa imemwacha, lakini mwili ulikuwa umebaki mwepesi, na watu walinong'ona kwamba hii huenda ikawa hesabu yake ya mwisho. Siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, alimtuma jirani amwite Shuaibu.

Shuaibu aliposikia anaitwa na Bibi Raihana, hofu ilimshika. Amejua, alijiambia. Kipofu yule amejua. Njiani aligeuka mara mbili arudi, kisha akaona haya, akaenda.

"Karibu, mwanangu," alisema bibi. "Keti. Nimemaliza watu wote, umebaki wewe."

"Mimi, bibi? Huna deni lolote kwangu."

"Ninalo, tena kubwa kuliko la wote. Mimi sina macho, Shuaibu. Wenye macho hata wewe usipokuwapo wataweza kutoka nje ya mji wakautazama mlima. Mimi nimefunga maisha yangu yote kwa macho yako, na kabla yako kwa macho ya baba yako. Sina amali nyingi. Sina mali ya kutoa, wala sikusoma. Lakini saumu zangu zimetimia, sina hata moja niliyoila. Siku nitakayoulizwa, nitasema: Ya Rabbi, sikutia kitu kinywani mpaka Shuaibu alipoadhini. Wewe ndiye shahidi wangu."

Shuaibu akaushika ufunguo uliokuwa shingoni mwake.

"Sasa sikiliza," bibi aliendelea, na sauti yake ikashuka kwa haya. "Ramadhani iliyopita, siku moja ya joto kali, kiu ilinishika mpaka nikaona dunia inazunguka. Nikasema moyoni mwangu, Shuaibu huyu anachelewa makusudi, hana huruma. Nilikudhania vibaya, mwanangu. Na siku ya pili yake, ile ya upepo wa vumbi, uliadhini mapema, nikala tende yangu huku nalia. Nikasema, tazama, mtu niliyemsengenya moyoni ndiye Mungu aliyemfanya sababu ya kunihurumia. Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa hapa." Akajigusa kifuani. "Nisamehe, nife ni mwepesi."

Enyi wenzangu, hebu mfikirie mtu yule. Anaombwa msamaha kwa dhana ya saa moja, na anayeombwa ana saumu ya mji mzima shingoni. Shuaibu alisema, "Nimekusamehe, bibi," kwa sauti ambayo si yake. Akasimama. Akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye mwimo, na jua la alasiri lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima wa magharibi ingawa halijatua. Akajua kwamba akivuka kizingiti kile, hatarudi tena. Si kwa bibi tu. Hatarudi tena kuwa mtu aliyekuwa.

Akageuka, akaja akapiga magoti mbele ya yule kipofu.

"Bibi, usiniombe msamaha mimi. Tende ile uliila mchana."

Akamweleza yote: vumbi, kicheko, kilele kilichotokeza, kinywa kilichofungika, na tende ndani ya mkono wa kanzu. Alipokwisha, alingoja laana. Vidole vya Bibi Raihana vikapapasa kikapu alichokuwa anakisuka. Chozi moja lilimshuka, akalifuta kwa ukaya wa kichwani mwake.

"Saumu yangu," alisema polepole.

"Naam, bibi."

"Shaabani bado ina siku?"

"Zimebaki chache."

"Zinatosha." Akavuta pumzi. "Umenitoa katika shimo nisilokuwa nalijua, Shuaibu. Sitakuficha, nimeumia. Lakini kaburini ningeumia zaidi. Nenda sasa ukawatoe na wengine, kabla nafsi yako haijapata la kukwambia."

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala, watu walipotaka kuondoka, Shuaibu alisimama mbele yao akaomba wamsikilize.  Akasema: Ramadhani iliyopita, siku ya vumbi, niliadhini kabla ya jua kutua. Nililiona jua kwa macho yangu baada ya adhana, nikanyamaza. Nyote mna siku moja ya kulipa.

Msikiti ukawa kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Mmoja alipiga kelele kwamba mama yake mzazi alifariki katika mfungo mosi, baada tu ya Idi, naye angeweza kulipa lau angejua. Shuaibu akainamisha kichwa na kulia, wala hakujitetea. Mwingine akauliza, "Na wewe? Wewe nawe ulikula?"

Swali hilo hakulitarajia. Angeweza kusema ndiyo, na angekuwa mkosaji pamoja na wakosaji.

"Sikula," alisema. "Niliificha tende yangu mpaka jua likatua."

Walioguna waliguna, na mtu mmoja akatema mate. Bwana Jubairi alikuwa ameshainuka, uso umemwiva. "Umetulisha mchana wa Ramadhani, na wewe ukajihifadhi! Tuambie, nani aliyekuharakisha? Ulikuwa unakimbilia nini?"

Shuaibu akamtazama. Jawabu lilikuwa limesimama mbele yake na kanzu safi. Neno moja tu, na nusu ya lawama ingehama. Na lingekuwa neno la kweli. Watu wengi waliokuwako siku ile ya kicheko wangelikumbuka.

"Hakuna aliyeniharakisha," alisema. "Miguu iliyopanda mnarani ni yangu na ulimi ni wangu. Nilipenda kusifiwa."

Bwana Jubairi akaketi taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu. 

Shuaibu akavua ile kamba shingoni, akauweka ufunguo wa mnara mbele ya Sheikh Abdulmuhsin. Sheikh akauchukua bila ya kumkemea na bila ya kumliwaza. Akawaambia watu kwamba Jumatatu wote wenye uwezo wafunge, na waliofiwa na mtu aliyekuwa akidaiwa siku ile waje kwake awaeleze la kufanya. Kisha akamwambia Shuaibu, kwa sauti ya wote kusikia, "Wewe hudaiwi siku ile."

"Nitafunga, sheikh," alijibu.

Usiku ule alimsimulia Umaima yote, naye akasikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, mkewe alimsogezea sahani. Shuaibu akala, akamaliza, akaomba nyongeza.

Siku tatu zile, sokoni watu walinyamaza kweli alipopita, kama alivyoogopa. Hilo likaumiza, lakini halikuua. Alishangaa kuona kwamba jambo lililomkondesha karibu mwaka mzima lilikuwa dogo kuliko hofu yake.

Jumatatu mji ukafunga. Ilipokaribia magharibi, likatokea jambo ambalo halijapata kuonekana Wadi Nuaimu. Watu hawakukaa uani wakangoja. Walitoka majumbani na tende mkononi, wake kwa waume, wakapita vichochoroni hadi kwenye kiwanja cha kupuria ngano nje ya mji, pale panapoonekana Jabali Kuhli, wakasimama wakatazama kila mtu kwa macho yake. Bwana Jubairi alikuwa mbele yao. Watu wanasema hakukohoa hata mara moja. Shuaibu alisimama nyuma ya wote, peke yake, na tende yake.

Mwanga ukapanda polepole juu ya kilele, ukabaki ncha tu, ukaondoka. Sheikh Abdulmuhsin, aliyekuwa amepanda mnarani mwenyewe na uzee wake, akaadhini kwa sauti iliyokatika katikati mara kadhaa, Mungu amlipe kheri. Watu wakasema bismillahi, wakala.

Shuaibu alikuwa ameinua mkono apeleke tende kinywani, pale jirani wa Bibi Raihana alipokuja mbio. "Shuaibu, njoo! Bibi hataki kufuturu. Adhana ameisikia, tende anayo, na mwili wenyewe umekwisha. Anasema hatakula."

Alikimbia na tende yake mkononi. Alimkuta bibi amekaa mlangoni kwake, midomo imekauka, tende kiganjani, uso umeelekea njia.

"Bibi, kula! Jua limetua. Sheikh mwenyewe ameadhini, na watu wote wameliona."

"Najua wameliona. Wenye macho wana mlima wao." Akanyoosha mkono hewani, akaupata mkono wake. "Wewe umeliona?"

"Nimeliona, bibi, kwa macho yangu haya."

"Basi," alisema. Akatamka bismillahi, akala.

Shuaibu akashindwa kujizuia. "Bibi, baada ya yale niliyokufanyia, bado unangoja neno langu?"

Bibi Raihana aliitafuna tende yake, akaimaliza, akatoa kokwa. "Zamani nilikuamini kwa kuwa sikujua kama umepata kukosea," alisema. "Sasa najua ukikosea unafanyaje. Kula tende yako, mwanangu."

Akala, akilia, pale kizingitini. Na inasemekana kwamba baada ya swala Sheikh Abdulmuhsin alimrudishia ufunguo mbele ya jamaa na hakuna aliyepinga, na kwamba aliyekuwa wa kwanza kusema "amin" alikuwa Bwana Jubairi, ambaye baadaye alimfuata Shuaibu faraghani wakaongea wawili, na waliyoongea hayakutufikia.

Ndugu yangu uliyenisikiliza hadi hapa, waja wema hawakuwa watu wasiokosea. Walikuwa watu wasioweza kukaa na kosa. Walizihesabu nafsi zao wangali na Shaabani mkononi, siku zikiwa chache lakini zinatosha. Mimi na wewe nasi kila mmoja ana tende aliyoificha ndani ya mkono wa kanzu. Mola atujaalie tuitoe wenyewe, kabla haijatoka yenyewe ikasema.